Kiwanja Kilichoota Magugu Chaweza Kulisha Nyumba

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwenda upande wa magharibi, akishika njia ya Waiyaki mpaka Kangemi na Uthiru, au njia ya Ngong na kisha ya Naivasha mpaka Riruta na Kawangware, huona jambo moja mara kwa mara. Kati ya nyumba na nyumba, nyuma ya shule na makanisa, na katika miteremko ishukayo mitoni, viko vipande vya ardhi vilivyoachwa vikaota majani yapitayo kiuno cha mtu. Na kando ya vipande hivyo hivyo wako wakina mama wauzao sukuma wiki, na watu watokao kazini hununua mafungu ya mboga kila jioni kwa fedha taslimu.

Ardhi hiyo iliyoachwa si ardhi mbaya. Upande wa magharibi wa Nairobi una udongo mwekundu wa nchi ya Wakikuyu, udongo wenye kina kirefu, upitishao maji vizuri na kulimika kwa urahisi. Ni tofauti sana na udongo mweusi wa mfinyanzi ulio upande wa mashariki na kusini ya jiji, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Lililoharibika katika viwanja hivyo si udongo, bali ni utunzaji wake. Kwa hiyo yafaa kueleza namna ya kukirudisha kiwanja kama hicho katika hali ya kupandwa mboga, kwa kuwa watu wengi huianza kazi hii kwa nguvu nyingi, wakaiacha baada ya miezi mitatu wakiwa wamepoteza mbegu na jasho lao.

KILIMO CHA MJINI SI JAMBO GENI

Dagoretti, Riruta, Kawangware na Kangemi zilikuwa sehemu za wilaya ya Kiambu mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Zilikuwa nchi ya mashamba kabla hazijawa mitaa, na ndiyo sababu mpaka leo mabaki ya mashamba yamo katikati ya nyumba za kupangisha. Mwaka 1985 taasisi iitwayo Mazingira, iliyoko Nairobi, ilichunguza miji sita ya Kenya ikaona kwamba jamaa 29 katika kila 100 walikuwa wakilima chakula ndani ya mji waliokaa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wakulima wa mjini walilima kwa hofu, na mara nyingi askari wa jiji walifyeka mahindi yaliyopandwa kando ya njia. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na kwa sheria hiyo kilimo kilitambuliwa kuwa kazi halali yenye taratibu zake.

Katika nchi nyingine jambo hili lilipata sheria mapema zaidi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1908 iliwapa mabaraza ya miji wajibu wa kuwatafutia wananchi vishamba vya kupanga, na kipimo cha kawaida cha kishamba kimoja ni kama mita 250 za mraba. Wakati wa vita vya mwaka 1939 mpaka 1945, vishamba hivyo vilisaidia sana kulisha watu wa mijini. Kiwanja kidogo, basi, si kitu cha kudharauliwa.

KWANZA, JUA NI ARDHI YA NANI

Kazi ya kwanza haifanywi kwa jembe bali kwa mdomo. Kiwanja kilichoota magugu huonekana kama hakina mwenyewe, lakini katika Nairobi hapana ardhi isiyo na mwenyewe. Huenda ni ya mtu binafsi, au ya shule, au ya kaunti, au imetengwa kwa barabara, kwa reli au kwa nguzo za umeme. Mtu asafishaye kiwanja bila kuuliza aweza kumsafishia mwingine, kwani ardhi iliyoonekana mbaya kwa miaka kumi huonekana nzuri mara tu magugu yatokapo.

Kwa hiyo afadhali kumwendea mwenye ardhi na kupatana naye mbele ya mashahidi wawili, na maneno yaandikwe: muda wa kulima, malipo ikiwa yapo, na kwamba mlimaji atapewa nafasi ya kuvuna kabla ya kuondoka. Muda huo usipungue misimu mitatu ya mvua, maana msimu wa kwanza karibu wote huliwa na kazi ya kusafisha.

Na kama kiwanja kiko kando ya mto, ikumbukwe kwamba kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kulima karibu na mto, kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka mahali mafuriko yalipopata kufika. Majani yaliyo katika ukingo huo yaachwe yalivyo, kwa kuwa ndiyo yashikayo udongo usichukuliwe na maji.

ADUI YUMO CHINI YA ARDHI

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kichaka kionekanacho ndicho adui. Chukua mfano wa majirani wawili waliogawana kiwanja kimoja. Wa kwanza alifyeka nusu yake yote kwa siku mbili, akachoma majani, akapiga jembe juu juu, na jioni ya siku ya tano shamba lake lilikuwa jeusi na safi hata kila apitaye akalisifu. Wa pili alisafisha robo tu ya nusu yake, lakini aliichimba mpaka chini akatoa mizizi yote. Mvua iliponyesha, shamba la kwanza lilikuwa kijani kwa muda wa majuma matatu, na kijani hicho hakikuwa cha mboga. Robo ya yule wa pili ilikuwa na mboga. Tofauti yao haikuwa bidii. Wote wawili walikuwa na bidii. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikata magugu na mwingine aliyang'oa.

Magugu yako ya namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Namna ya kwanza ni yale yazaliwayo kwa mbegu tu, kama kishona nguo, ambaye vijiti vyake hunasa katika nguo za mpitaji, na bangi mwitu yenye harufu kali na maua madogo ya manjano. Hayo ni makubwa kwa kimo lakini ni dhaifu kwa mizizi. Yakikatwa kabla ya kuzaa mbegu huwa mbolea njema. Yakisha kuzaa, kila mmea huacha mbegu nyingi sana udongoni, nazo haziamki zote pamoja bali hungoja zamu yao kwa miaka.

Namna ya pili ni yale yaishiyo chini ya ardhi, na hayo ndiyo hatari. La kwanza ni sangari, jani jembamba ambalo wakulima wa kahawa wa Kiambu wanalijua vizuri sana. Mizizi yake ni mieupe kama uzi, yenye ncha kali, nayo hutambaa pande zote na kushuka chini zaidi ya jembe lifikapo. Kipande chenye pingili moja tu kikiachwa udongoni huwa mmea mpya. Kwa hiyo mtu alimaye sangari kwa jembe la kawaida na kuikatakata huwa anaipanda. La pili ni jani la Kikuyu, litambaalo kwa mikono minene juu na chini ya ardhi. Jani hili asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na jina lake limechukuliwa katika nchi hii hii. Huko Australia na Afrika ya Kusini hupandwa kwa malisho na viwanja vya kuchezea. La tatu ni ndago, ambayo huacha vitunguu vidogo chini kila ing'olewapo kwa haraka.

MAJIRA YA KUSAFISHA

Nairobi hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia mwezi wa Machi mpaka Mei, na vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Wakati bora wa kusafisha ni Januari na Februari, maana jua huwa kali na udongo mkavu, na mizizi ya sangari ikitolewa nje hufa kwa siku chache. Mwezi wa Julai na nusu ya Agosti huwa na mawingu, baridi na manyunyu. Mizizi iliyotupwa juu ya ardhi wakati huo huishi na kushika tena. Mtu atakaye kupanda mboga za vuli na aanze kuchimba mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, jua lirudipo.

KAZI YENYEWE

Vyombo vitakiwavyo si vingi: fyekeo au panga, jembe la meno, reki, na debe au wilibaro ya kuchukulia. Viatu vizito ni lazima. Viwanja vya mjini vimetupiwa taka kwa miaka mingi, na chini ya majani huwamo chupa zilizovunjika, misumari, nyaya na mawe ya tochi. Nyoka pia hupenda mahali palipotulia. Kabla ya kufyeka, mtu na apige majani kwa fimbo ndefu, na watoto wakae mbali.

Kwanza, kiwanja kigawanywe mafungu manne, na fungu moja tu lianzwe. Bandu bandu huisha gogo. Mafungu mengine matatu yafyekwe tu kila mwezi ili yasizae mbegu, mpaka zamu yao ifike.

Pili, majani yafyekwe chini kabisa na kutengwa. Yale yasiyo na mbegu yawekwe katika rundo la mboji. Majani ya Kikuyu yaliyo mabichi yaweza kupelekwa kwa jirani afugaye ng'ombe, na wafugaji wako wengi katika Dagoretti, Uthiru na Kabete. Mara nyingi mfugaji atakubali kulipa kwa samadi. Lakini samadi mbichi huwa na mbegu za majani, nayo yaweza kuunguza miche. Lazima irundikwe, ifunikwe na kupinduliwa kwa muda wa miezi mitatu hivi, mpaka iwe nyeusi, yenye kumumunyika, isiyo na harufu.

Tatu, majani yasichomwe. Moto huteketeza chakula cha udongo kilicho juu, lakini mizizi ya sangari iliyo chini haipati hata joto lake. Tena katika mji, palipo na majani pana mifuko na plastiki, na moshi wake ni sumu kwa watoto wa nyumba zilizo karibu.

Nne, taka zitolewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini ile iliyofukiwa kabla ya hapo ingali udongoni. Mfuko mmoja uliolala chini huzuia maji na mizizi kama sakafu. Kila uonekanapo uvutwe utolewe wote, maana ukikatwa vipande kazi huongezeka.

KUCHIMBA KWA KINA

Sasa ndipo jembe la meno lifanyapo kazi yake. Jembe la kawaida hukata mizizi. La meno huinyanyua mizima. Shamba lisilopata kulimwa kwa muda mrefu huwa na tabaka gumu chini, nalo lafaa kuchimbwa mara mbili, kwa njia ambayo imefundishwa kwa wakulima wadogo wengi wa Kenya.

Chimba mfereji mwanzoni mwa tuta, wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, na udongo wake uweke kando. Kisha tia jembe la meno katika sakafu ya mfereji na kuitikisa kwa sentimita 30 nyingine, bila kuupindua udongo wa chini kuja juu, maana udongo wa juu ndio wenye rutuba. Toa kila uzi mweupe uonekanao. Halafu chimba mfereji wa pili, na udongo wake utupe katika ule wa kwanza. Endelea hivyo mpaka mwisho, na mfereji wa mwisho ujazwe kwa ule udongo uliowekwa kando mwanzoni.

Mizizi yote ianikwe juani juu ya bati au jiwe mpaka ikivunjwa ilie kama kijiti kikavu. Isitiwe katika mboji ingali mbichi. Baada ya hapo tuta liachwe kwa muda wa majuma mawili au matatu. Mvua ya kwanza ikinyesha, au likimwagiwa maji kidogo, mbegu na vipande vilivyosalia vitaota. Navyo ving'olewe vyote kwa mkono kabla ya kupanda. Kungoja huku huwachosha wengi, lakini siku moja ya kung'oa wakati huo huokoa siku nyingi za kupalilia baadaye.

Kwa dawa za kuua magugu, kishamba cha nyumbani hakizihitaji. Mahali padogo palipo karibu na visima na nyumba za majirani, jembe la meno latosha.

MATUTA NA MTEREMKO

Tuta liwe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na njia kati ya matuta iwe kama sentimita 45. Mtu asikanyage juu ya tuta hata mara moja. Katika miteremko ya Kangemi na Kabete matuta yakingame na mlima, yasishuke nao, na ukingoni ipandwe mistari ya majani ya tembo. Udongo mwekundu uliolimwa ukiachwa wazi mteremkoni, mvua moja ya Aprili yaweza kuupeleka mtoni.

Kila mita mbili za tuta zipewe debe moja la samadi iliyoiva au mboji, ichanganywe na udongo wa juu. Mtu apendaye kujua zaidi aweza kupeleka udongo wake upimwe katika maabara ya uchunguzi wa kilimo ya Kabete, mahali ambapo udongo wa nchi umechunguzwa tangu zama za ukoloni.

KITU CHA KUPANDA KWANZA

Msimu wa kwanza hufaa mimea isaidiayo kusafisha. Viazi vya kizungu ni vyema, kwa kuwa kuvipandishia udongo na kuvichimba ni kulima mara ya pili na ya tatu, na mizizi iliyojificha hutokea. Maharagwe hufunika ardhi na kuipa nguvu. Katika tuta lililo safi zaidi ipandwe sukuma wiki, mche mmoja kila sentimita 45. Tuta la urefu wa mita 10 lenye mistari miwili huchukua miche 44, na baada ya majuma sita hivi huanza kuchumwa majani ya chini, mmea ukaendelea kuzaa kwa miezi mingi. Mboga za asili kama managu, terere, saga na kunde hufaa sana, nazo hustahimili zaidi mvua ikichelewa. Miche michanga ilindwe na mdudu aitwaye sota, aikataye shinani usiku. Wakati wa asubuhi hupatikana akiwa amejikunja udongoni karibu na mche ulioanguka.

YA KUANGALIA KWA AJILI YA AFYA

Mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza ni maji. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, lakini upitapo katika mitaa hupokea maji machafu ya nyumba na viwanda. Mboga ziliwazo majani zisinyweshwe maji hayo. Afadhali mapipa ya kukinga maji ya mvua kutoka mabatini. La pili ni ardhi iliyo kando ya barabara kubwa au palipokuwa gereji. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa kutumiwa nchini Kenya mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka udongoni haiozi, nayo huwadhuru zaidi watoto. Mahali kama hapo hapafai mboga. Na papandwe maua au miti.

Mwisho, yafaa kila aanzaye kazi hii ajue kipimo cha kuipima. Kishamba hakihukumiwi kwa weusi wake siku ya kufyekwa, bali kwa hali yake siku arobaini baada ya mvua. Fungu moja lililochimbwa mpaka chini, lililotolewa mizizi na kutiwa samadi, litampa mwenyewe mboga za kula, na fedha iliyokuwa ikitumiwa sokoni kila jioni itapata kazi nyingine nyumbani. Na katika msimu ufuatao atalisafisha fungu la pili, akiwa na mboji yake mwenyewe aliyoipata katika yale yale magugu.